Nilivyomdanganya Mchonga Makafi

Jumanne ya kwanza ya likizo, mwezi wa sita mwaka 1957, saa mbili na robo asubuhi, niliketi kwenye kigoda uani kwa mchonga makafi wetu, karibu na Lamadi, nikiwa na ufito mkononi. Mzee akaniambia nipige kafi.

"Hapa, mzee?"

"Hapa. Maji utayakuta mbele."

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakacheka. Mimi ni mtu wa haya. Darasani hata swali nililolijua lilinishinda kujibu. Lakini shangazi alikuwa amesema wazi. Mwenzake anayekaa mbele ya mtumbwi alikuwa amejifungua, na kesho yake alfajiri shangazi anavuka ghuba kuuza dagaa. Nikiweza kafi, twende. Nisipoweza, atamchukua mtu mwingine, nami nibaki kuchuma pamba. Sikuwahi kuuona upande wa pili wa ghuba.

Basi nikajifanya. Nikavuta ule ufito kwa mapana, mbali na mwili, kama wavuvi wenye vifua vipana. Mzee hakunipima kwa kamba wala kwa shubiri. Alitazama mabega tu. Kisha akachukua ubao mkavu na tezo, na kufikia adhuhuri nilikuwa na kafi lenye bapa pana kama sahani ya ugali.

Alasiri mimi na shangazi tukaingia ziwani kujaribu. Kafi liliyashika maji kana kwamba kuna mtu chini amelidaka. Kila nilipovuta, mtumbwi uligeukia matete. Mabega yakawaka moto.

"Mwanangu, tunavuka au tunacheza ngoma?" shangazi akauliza.

Akanipa kafi lake, jembamba, limepauka. Nikalivuta vilevile kwa mapana. Likapita majini kama kijiti kwenye uji, nusura nidondoke.

"Fupisha. Karibu na ubavu wa mtumbwi. Kiuno kifanye kazi, mikono ifuate."

Nikafupisha. Mtumbwi ukanyooka, ukateleza, maji yakawa yananong'ona tu pembeni. Kafi lile lilikuwa limekataa mvuto wa uongo, likaukubali wa kweli. Na lile pana halikuwa baya hata kidogo! Lilimfaa kabisa yule mtu niliyejifanya kuwa. Mzee alikuwa amemwona mtu huyo mzima kwenye ufito usiogusa maji.

"Unaweza," shangazi akasema. "Ila kesho uje na la kwako. Hili ninalitumia mwenyewe."

Asubuhi yake, kukiwa bado na giza, nilibisha hodi kwa mzee nikiwa na lile kafi pana.

"Mzee, jana nilikudanganya. Mimi sivuti vile."

"Nilichonga nilichoonyeshwa," akajibu, akipiga miayo. "Haya, kaa."

Nikakaa, nikapiga mapigo mafupi, yangu mwenyewe. Safari hii hakuna aliyecheka, wala mimi sikuangalia kama wale wanawake wapo. Akapunguza bapa kushoto na kulia, vibanzi vikaniangukia miguuni. Nikalichukua likiwa bado na makovu ya tezo, nikakimbia ufukweni, nikapanda mbele ya shangazi, tukavuka.