Kujifunza Bahari Lamboni Bahi

Tulikwenda Bahi kwa sababu ya miguu ya Zaituni.

Zaituni ni binti wa shangazi yangu, mpishi, mzaliwa wa mtaa wa Majengo, huku bara, kama mimi. Alikuwa ameahidiwa kazi ya jikoni melini, lakini hakuna anayeajiriwa melini bila kufuzu mafunzo ya kujiokoa baharini. Kule Dar es Salaam alizima moto vizuri, akavaa jaketi okozi upesi kuliko wanaume, akaruka majini kutoka juu bila kusita. Walipomwambia avue jaketi na alale chali juu ya maji, akazama. Alipewa nafasi moja tu ya kurudia, Jumatatu. Akishindwa tena, jiko linakwenda kwa mwingine.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja nusu mwaka. Faida yake ni kwamba nina watu kila upande.

"Mwalimu namjua," nikamwambia. "Yuko Bahi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, Bahi kuna bahari?"

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tulitoka Majengo wauza nafaka wakiwa ndiyo kwanza wanafungua magunia. Tulibeba madumu mawili matupu, ya manjano, kama mwalimu alivyoniagiza kwa simu. Basi likatushusha barabarani, tukamalizia kwa bodaboda, watu watatu, mshikaki. Dereva akayatazama madumu.

"Mnakwenda kuchota maji?"

"Tunakwenda kulala juu yake," Zaituni akajibu. Jamaa akatia gia.

Mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri. Majaruba ya mpunga yalijaa maji pande zote, na wanaume waliokuwa wakilalamikia ukame mwaka jana sasa walikuwa wakigombania kambale. Naipenda Bahi ikiwa hivi, inakuwa kama mtu aliyepona.

Mwalimu mwenyewe ni Mama Mchiwa, Mgogo wa hapohapo, aliyehudumia abiria kwenye boti za pwani miaka mingi kabla ya kurudi kulima mpunga. Msimu mmoja nilimbebea magunia na kulala kwenye ghala lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujaoa tu?"

"Bado natafuta."

"Unatafuta kwa miguu wewe. Tafuta kwa macho." Akamgeukia Zaituni. "Huyu ndiye anayezama?"

"Ndiye mimi, mama."

Saa tano tulikuwa lamboni. Lambo lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na katikati kina chake kinampita mtu mrefu. Mama Mchiwa akawafukuza ng'ombe wa jirani, akajifunga khanga vizuri, akaingia na mwanafunzi wake. Zaituni akalala chali, mgongo ukashika maji. Mara miguu ikashuka, ikipapasa huku na huku, kichwa kikafuata. Ikawa hivyo mara ya kwanza, na mara ya tano.

"Unatafuta nini huko chini?"

"Pa kukanyaga, mama."

"Umewahi kupandikiza mpunga?"

"Kila likizo, kwa bibi, hukuhuku Bahi."

"Basi ugonjwa ndio huo. Sisi maji tunayoyajua yanaishia magotini. Mguu hautulii mpaka uguse tope. Hata mimi nilianza hivyo. Siku ya kwanza nilimkanyaga mwalimu wangu kichwani."

Nikaona nimwonyeshe ndugu yangu mfano. Nikajitupa majini kwa mbwembwe, nikameza maji ya kutosha ndama.

"Msafiri, toka!" Mama Mchiwa akafoka. "Unaniharibia mwanafunzi."

Ijumaa alimpa dumu alikumbatie kifuani. Alielea vizuri. Dumu likiondolewa, miguu inashuka. Kufikia saa sita Zaituni alikuwa amekaa ukingoni, nywele zimejaa tope, machozi yanamtoka.

"Nitakaanga vitumbua Majengo. Watu si wanakula vitumbua?"

Mama Mchiwa hakumbembeleza. Alitupakulia ugali wa uwele na mlenda, tukala, kisha akamrudisha majini na dumu lake.

"Sasa nipikie pilau la watu sitini," akasema. "Kwa mdomo. Usiruke kitu."

Zaituni akaanza kwa sauti ya kununa: kuchambua mchele, kukata vitunguu. Alipofika kwenye kukaanga nyama sauti ikatulia, na pumzi nayo. Alikuwa jikoni kwake. Kwenye bizari nyembamba, Mama Mchiwa akalivuta dumu taratibu, akanisukumia mimi ukingoni. Miguu ikatikisika kidogo, ikabaki juu. Nikaviona vidole kumi vya Zaituni vimechungulia nje ya maji. Sikuthubutu hata kukohoa.

"Halafu nafunika, naweka makaa juu," akasema. Akapapasa kifuani. "Mama, dumu liko wapi?"

"Analo kaka yako."

Akavuta pumzi ndefu. Hakushuka.

Jumamosi alirudia mara kumi, bila pilau, bila dumu. Jumapili Mama Mchiwa akatufungia kambale wakavu, akatuagiza tukapime kichocho hospitali miezi miwili ikipita. "Maji ya lambo si ya mchezo," alisema. Muda ulipofika tulipima kweli. Jioni ile ya Jumapili nikampeleka Zaituni stesheni.

Jumatatu, saa tisa alasiri, nikiwa dukani, simu ikaita.

"Nimepita, kaka."

Nikapiga kelele, duka zima likageuka. Lakini nyuma yake nilisikia maji yakipigwa. "Mbona bado uko bwawani?"

"Kuna wawili wamekwama, watoto wa pwani kabisa. Mwalimu kawaeleza wee, hawaelewi. Ameniomba mimi niwashike."

Nimetembea sana nikiamini kwamba kila jambo hujifunzwa mahali pake. Safari hii nimejifunza kwamba wa kukufundisha kuelea si lazima awe mtu wa bahari. Inatosha awe amewahi kuzama kama wewe.