Jenerali Aliyeumwa Yorktown

Asubuhi ya mtihani wa uraia, baba alibaki kitandani nyumbani kwetu, mtaa wa Alief huku Marekani, amelikumbatia tumbo lake kama mtoto mchanga. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemsomea jinsi Wamarekani walivyowashinda Waingereza kule Yorktown katika vita vya kupigania uhuru, na jinsi jenerali wa Waingereza alivyosema anaumwa, akamtuma naibu wake kwenda kusalimu amri. Baba alicheka hadi machozi.

Mama, ambaye ni nesi, alimpima joto na presha.

"Mzee, huna kitu. Jana ulikuwa ukimcheka nani?"

"Yule alikuwa mwoga. Mimi tumbo linaniuma kweli."

"Yule alikuwa na naibu. Wewe utamtuma nani?"

Baba akavaa suti. Alifaulu, na hadi leo huwasimulia jamaa wa Kenya vita vile kana kwamba alipigana yeye mwenyewe, tena upande wa washindi.