Kiti cha Naibu Gavana

Wazee wa jamii yetu walinipigia simu mimi kwanza. Kwa miaka kadhaa sikuweza kuianza habari hii mahali pengine.

Kaunti yetu ina jamii mbili. Ile kubwa hutoa gavana, na sisi wachache hutoa naibu wake. Ndivyo wazee wa pande zote mbili walivyokubaliana baada ya vurugu za uchaguzi. Safari hii wazee wetu walitaka mwanamke aliyesoma na asiye na maadui. Nilikuwa nimefundisha sekondari kule kwa miaka minane kabla ya kuja Texas kusomea uuguzi, na watu walikuwa bado wananikumbuka. Mzee aliyetumwa na wenzake akaniuliza kama ningekubali kurudi.

Nilipokea simu hiyo kwenye maegesho ya hospitali, bado nimevaa sare. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu niape kuwa raia wa Marekani, na sheria ya kwetu haimruhusu mwenye uraia wa nchi mbili kushika kiti kama kile. Ningeweza kuukana huu mpya, lakini watoto wangu walikuwa shuleni hapa Lewisville, karibu na Dallas, na mume wangu alikuwa ameniambia wazi kwamba yeye harudi. Nikakataa. Mzee akauliza basi achukuliwe nani. Nikamtaja binti wa mama yangu mdogo.

Ananifuata kwa miaka mitano. Alikulia kwetu tangu darasa la sita. Mimi ndiye niliyemfundisha hesabu, na sketi zangu za shule zilipunguzwa zikawa zake. Nilimtaja huku nikidhani hawatamtaka. Walimtaka, na yeye na mgombea wake wa ugavana wakashinda uchaguzi.

Tangu hapo nilimfuatilia kwenye simu kila wakati wa mapumziko kazini. Nilitazama mlinzi akimfungulia mlango wa gari. Nilikuza picha nione kama viatu ni vipya. Kanisani Dallas watu walinishika mkono na kusema dada yangu ametuinua, nami nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Nikifika nyumbani nilimnunia mume wangu, ambaye kosa lake lilikuwa kusema ukweli mapema.

Mwaka wa pili alikuja Houston kukutana na watu wa kaunti yetu. Mkutano ulikuwa Katy, pembeni mwa Houston, kwa daktari mmoja wa kwetu mwenye nyumba mpya kubwa. Niliendesha gari zaidi ya saa nne, nikapewa kiti safu ya nne. Alipoanza kuhutubia aliniomba nisimame, akasema bila mimi asingejua kugawanya. Watu wakapiga makofi. Niliketi nikiwa na hasira. Kiti kilichomsimamisha mbele yao mimi ndiye niliyempa, na hakujua.

Baada ya chakula aliniomba tukakae kwenye gari langu. Alivua viatu, akasugua miguu. Aliniambia kwamba gavana hajamwita kwenye kikao tangu mwaka uanze, na maamuzi ya kaunti anayasikia redioni kama mtu mwingine yeyote. Akilalamika, wazee wanamsihi anyamaze asije akavunja makubaliano. Akinyamaza, vijana wetu wanasema ameuza jamii.

"Nataka kujiuzulu," akasema. "Dada, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Jiuzulu."

Nilisikia utamu nilipolitamka. Akageuka kunitazama.

"Umenijibu upesi."

Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nilimwambia kwamba kiti kile kililetwa kwangu kabla yake, nikakikataa, ndipo nikataja jina lake. Nilijidai ni ukweli tu ninaosema.

Akasema wazee walimwambia kwamba jina lake lilikuja peke yake, kwamba hawakumfikiria mwingine. "Siku zikiwa mbaya, hilo ndilo nililokuwa nikilishika," akasema. Akavaa viatu, akarudi ndani. Kupitia dirishani nilimwona akiinama kumsalimia bibi mmoja kama aliyekuwa akimtafuta siku nzima. Mimi nisingeweza.

Hakujiuzulu. Miezi michache baadaye aliingia kwenye kikao cha gavana bila mwaliko, akavuta kiti, akaketi, akakataa kutoka. Wazee wa jamii zote mbili walilazimika kukutana upya, na wakati huu wakaandika wazi kazi za naibu. Akakabidhiwa idara ya maji. Nilizisoma habari hizo nikiwa kazini, na kabla ya furaha kuja nilijiuliza kama mimi ningethubutu kuvuta kile kiti. Jibu ninalo, na linaniuma kuliko picha zote zile.

Hakunipigia simu mwaka mzima. Mama yangu alipolazwa, yeye ndiye aliyekwenda hospitalini, akanipigia simu ya video akiwa kando ya kitanda. Alinieleza dawa moja moja, akijua nitauliza. Nikamwambia ushauri wangu wa Katy haukutoka mahali pazuri, anisamehe.

"Nimekusikia, dada," akasema. Kisha akamwinua mama ili nimwone vizuri, na nikauona mkono wa mdogo wangu huyo, mwembamba, wenye saa nzuri, nikaitamani.