Perege wa Leonida na Ng'ombe wa Mnadani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Karatu, wilayani Mbulu, na Leonida Tluway amepiga magoti uani. Mbele yake ametandika gunia, na juu ya gunia amepanga vifaa vya bwawa lake la samaki. Anavipanga, anavipangua, anavipanga tena.

"Kuna kitu nimesahau," anasema.

Hajasahau kitu. Anajua fika kinachokosekana, na ndicho kilichomtoa kitandani kabla ya jogoo: hori la kunyweshea ng'ombe. Leo ni siku ya mnada, Machi 1985. Leo hiihii, kabla jua halijafika utosini, Bwana Samaki, afisa wa serikali wa ufugaji samaki, anamletea vifaranga wa perege. Na leo hiihii ng'ombe wanateremka kutoka Ngorongoro.

Mfuga samaki na hori la ng'ombe wapi na wapi? Msomaji asiwe na haraka. Haraka yote ya Karatu asubuhi hii anayo Leonida, na inatosha.

Mama huyu wa miaka 46 ni mshonaji wa magunia kwenye ghala la nafaka. Mavuno yakiwa mazuri hushona magunia sitini kwa siku. Mwaka jana, mvua ilipogoma, alikaa nyumbani miezi mitano bila kibarua, sindano yake kubwa imechomekwa ukutani ikiota kutu.

Sindano hiyo ndiyo iliyotengeneza sehemu kubwa ya vifaa hivi. Kuna chujio la kuzibia mdomo wa mfereji, ili konokono na mayai ya vyura yasiingie bwawani. Amelishona kwa gunia na kipande cha chandarua kilichochakaa. Wavu ameusuka kwa nyuzi za nailoni alizochomoa kwenye tairi la lori lililopasuka.

"Nenda dukani uulize wavu uone watakavyokucheka," anasema. "Sabuni yenyewe haipo, sembuse wavu."

Chokaa, ambayo hunyunyiza kwenye tope la bwawa kabla ya kuingiza maji mapya, aliiomba kwa mafundi wanaojenga kanisa. Pumba ya mahindi ni ya kwake, imo ndani ya debe. Samadi ya kurutubisha maji ni ya kuku. Ya ng'ombe haitaki tena, hata akipewa bure.

Kifaa kimoja hakipo kwenye gunia, nacho ni mkono wake wa kulia. Huuzamisha bwawani mpaka kiwiko. Akiona vidole bado, maji yana njaa, anaongeza samadi. Vidole vikipotea kwenye ukijani, basi samaki wana chakula. Asubuhi hii ameshauzamisha mara tatu, na mara zote tatu maji yamempa jibu lilelile: vidole havionekani.

Bwawa lenyewe si kubwa, ukubwa wake ni kama vyumba viwili vya kulala. Alilichimba mwenyewe kwa jembe nyuma ya jiko, mwaka juzi, baada ya mtoto wake wa mwisho, Germana, kuvimba miguu na nywele kugeuka rangi. Muuguzi alimwambia mtoto anahitaji nyama, mayai au samaki. Nyama ilikuwa ghali, kuku walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa kideri. Ikabaki samaki, chakula ambacho Wairaqw wenzake wengi wa rika lake hawakulelewa nacho.

"Watu waliniambia nafuga nyoka," anasema. "Mume wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza."

Mume huyo, Piusi, ni mtumishi wa josho la ng'ombe. Mpaka leo hajala samaki hata mmoja. Lakini Germana amekula, akapona, na sasa ana miaka minne na anakimbiza kuku wa jirani mpaka analalamikiwa. Leonida anapomtazama hujawa na furaha, halafu hofu humshika hapohapo, kwa sababu tangu Novemba bwawa halina kitu.

Mambo yalikuwa hivi. Ng'ombe wanaotoka Ngorongoro huogeshwa kwanza kwenye josho ndipo waingie mnadani, na njia ya kutoka joshoni inapita nyuma ya jiko la Leonida. Siku ya mnada wa Novemba alipita Sironka, mfugaji ambaye familia hii inafahamiana naye kwa miaka mingi. Ng'ombe wake kumi na mmoja walikuwa wametembea siku mbili na ndimi ziko nje. Mferejini hawaruhusiwi, ni maji ya kunywa watu. Leonida akafungua wigo.

Ng'ombe wakaingia bwawani mpaka matumbo, wakanywa, wakaburudika. Sironka alimwombea mama huyo baraka, watoto na mvua.

Asubuhi yake perege wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Piusi aliporudi kutoka kazini aliinama, akachota maji kwa kiganja, akanusa. Ilikuwa harufu ileile anayorudi nayo kila siku kwenye suruali yake, ya dawa ya josho, ile inayoua kupe.

"Aliniambia tusile hata mmoja," anasema Leonida. "Nikawazika wote shimo moja. Nililia. Majirani walicheka, mama anazika samaki! Nikawaambia chekeni, mimi nimefiwa."

Sironka alipopata habari alirudi na kondoo jike wa kuomba radhi. Leonida alimpokea, maana kumkataa kungekuwa tusi. Yule kondoo yupo hadi leo, amefungwa kwenye mgomba. Lakini kondoo hajui kuzaa perege.

Kwa nini basi asiwakatalie tu wafugaji na kufunga wigo? Mwandishi alipouliza hivyo, Leonida alimkodolea macho kama aliyeambiwa ampige mgeni.

"Wewe umelelewa wapi? Ng'ombe ananyimwa maji? Umwone ng'ombe wa mtu ana kiu, na wewe una maji nyuma ya nyumba, umwambie apite? Hata mimi ni mtu wa ng'ombe. Sitaweza."

Hapo ndipo hori lilipoingia kwenye vifaa vya bwawa. Ameshasawazisha mahali pake, ng'ambo ya wigo, upande wa chini wa mteremko, ili dawa itakayodondoka kwenye ngozi za ng'ombe iteremke bondeni, isirudi bwawani. Kilichobaki ni hori lenyewe, na Piusi aliapa kulileta.

Saa mbili kasoro, kengele ya baiskeli inalia. Leonida anaacha chai ikichemkia motoni, anakimbilia njiani. Piusi anasukuma baiskeli kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameshikilia nusu ya pipa lililofungwa nyuma, limepasuliwa vizuri kwa urefu. Anatabasamu mpaka magego.

"Mama Germana, usiseme sikufanyii kitu!"

Leonida anaingiza kichwa ndani ya pipa. Anakitoa.

"Baba Germana, hili limetoka wapi?"

"Kazini. Lilikuwa tupu, bwana mifugo kanipa."

"Lilikuwa na nini?"

Piusi analitazama pipa. Tabasamu linaondoka polepole. Mtu aliyeshinda miaka kumi na miwili kwenye harufu moja haisikii tena, na hilo ndilo kosa lake lote.

"Nimelisafisha kwa mchanga," anasema hatimaye.

"Ulisafishe kwa moto! Unataka kuua samaki wangu, halafu na ng'ombe wa Sironka uwaongeze? Peleka huko!"

Piusi naye ana moyo. Analaza baiskeli chini, anasema tangu haya manyoka ya majini yaingie nyumbani hapa yeye halali, hali kwa amani, na sasa hata zawadi yake ni sumu. Leonida anamjibu kwa Kiiraqw, maneno ambayo mwandishi hakuyaelewa na hakuthubutu kuomba yatafsiriwe. Germana anatoka jikoni kuangalia, anarudi ndani.

Kisha Leonida anamwacha hapo. Anazunguka ua mara moja, mara mbili, mikono kichwani. Bwana Samaki alishamwambia waziwazi: vifaranga ni wachache, wanaohitaji ni wengi, na bwawa likifa mara mbili halipandikizwi tena, zamu inapewa bwawa jingine. Jua linapanda. Anasimama mlangoni mwa nyumba, anatazama ndani.

Ndani kuna pipa la mahindi. Lilikuwa la mafuta ya kula, na chakula cha familia mpaka mavuno kimo humo, kikikingwa dhidi ya panya.

"Lete mkeka," anasema.

"Mama Germana, fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Lete mkeka na patasi."

Piusi anamtazama, anaona mambo yamekwisha kuamuliwa. Wanaliinamisha pipa wote wawili, mahindi yanamiminika juu ya mkeka sakafuni kwa kishindo cha mvua ya mawe. Halafu Piusi anavua shati, analipasua pipa uani kwa patasi na nyundo. Makelele yanawatoa majirani nje. Anaipinda midomo ya bati kwa ndani ili isikate pua za ng'ombe, bila kuagizwa na mtu. Leonida anaona. Anamletea chai, ile iliyochemka mno motoni, na Piusi anainywa yote.

Bwana Samaki anafika saa tano, ameshuka kwenye lori na keni la maziwa begani, ndani yake vifaranga. Jina lake Hhando, kijana mpole asiye na maneno mengi. Anaomba aoneshwe vifaa, anavikagua kimoja kimoja, anavuta wavu kuona kama fundo litafumuka. Halifumuki. Analiweka keni ndani ya bwawa, lielee kwanza.

"Mama, subira," anasema. "Wazoee ubaridi wa maji. Ukiwamwaga sasa hivi watashtuka wafe."

Hakuna adhabu kubwa kwa Leonida kama neno subira. Anachuchumaa ukingoni, anasimama, anachuchumaa tena. Hatimaye Hhando analaza keni, na vifaranga mia mbili, wadogo kama mbegu za maboga, wanatoka na kupotea majini. Leonida anashika mdomo.

Wakati huohuo njuga zinasikika.

Ni Sironka, shuka begani, fimbo mkononi, na ng'ombe tisa wametota dawa ya josho. Hori limeshajazwa kwa ndoo, maji yanameta. Mbele anatangulia ng'ombe mweusi mwenye njuga, Narok. Anafika kwenye hori, ananusa, anapuliza pua, anarudi nyuma. Bati limemkera. Anageuza shingo kuelekea bwawani, na wale wanane wanageuka pamoja naye.

Leonida anatanua mikono mbele ya wigo. Wigo ni wa miiba tu, na Narok akiamua, miiba si kitu.

"Sironka! Baba, nakuomba!"

Sironka hakimbii wala hapigi ng'ombe. Anachomoa kifuko cha ngozi kiunoni, anamimina kiganjani magadi ya bondeni kwao, chumvi wanayoipenda ng'ombe, anayavuruga ndani ya hori na mengine anaipaka midomo ya bati. Kisha anaanza kupiga mluzi mwembamba, ule wa kuwaitia ng'ombe kisimani, huku akimtaja Narok kwa jina. Narok anasimama. Masikio yanacheza. Anarudi, analamba bati, analamba tena, anazamisha pua. Wenzake wanamsukuma wapate nafasi.

Piusi anajaza ndoo, anamimina, anajaza, anamimina. Haachi mpaka ng'ombe wa mwisho ainue kichwa.

"Mama Germana," anasema Sironka, "mnada ujao nitakuletea hori la mti. Hili la bati ng'ombe wanalidharau. Lakini hao samaki, tafadhali, usinikaribishe."

"Mwenye nyumba mwenyewe hali," anajibu Leonida, "nitakukaribisha wewe?" Na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri anacheka.

Kesho yake asubuhi bwawa ni tulivu, hakuna aliyeelea. Leonida amekaa sebuleni anashona magunia ya kutilia mahindi yaliyoenea sakafuni, na kila baada ya mishono michache anainuka kwenda kuchungulia. Anataka ifikapo Septemba avue wa kwanza kwa ajili ya Germana. Kina mama wawili wa jirani wameshaanza kuchimba mabwawa yao, na amewaahidi wavu na chujio. Lakini amewapa sharti: hori kwanza, samaki baadaye.

Mwandishi anamwambia kwamba wasomaji watapenda kusikia habari za mama mkarimu anayewawekea maji ng'ombe wa watu. Leonida anakata uzi kwa meno.

"Usiandike mkarimu," anasema. "Andika nina uchoyo wa samaki. Ng'ombe atakayepita hapa na kiu, hata awe wa nani, atakuta maji yamejaa. Atakunywa mpaka ashibe, na aende zake."