Taa Zilizonipandisha Cheo

Gari langu lilitoka Japani likiwa limeshazeeka, likafika Lubumbashi kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa likiwa na usukani upande wa kuume, kama magari mengi ya kwetu. Injini ilikuwa nzima. Kilichochoka ni taa za mbele: vioo vyake vilikuwa vimeingia ukungu na umanjano, na giza likishuka zilitoa mwanga wa rangi ya chai.

Ninafanya kazi katika biro moja, ofisi ya katikati ya mji, kitengo cha kuhifadhi karatasi ambazo hakuna anayeziomba. Nyumbani ni Bel-Air. Wakwe zangu wako Ruashi. Jioni moja ya mvua, nikitoka kwao, nilimwona mwenye baiskeli ya makala, mkaa wa kupikia, wakati ameshafika mbele ya kioo changu. Nikakata usukani, yeye akaruka, magunia yake mawili yakalala barabarani. Hakuumia. Tulisaidiana kuyapandisha, na akanieleza kwa adabu kabisa kwamba aliniona kutoka mbali, ila alidhani ni pikipiki mbili zinazokuja kwa taabu.

Nilifika nyumbani mikono myeusi kwa makala. Nikaamua kuongeza mwanga.

Kesho yake biro nzima iligeuka kuwa ya mafundi. Shefu wetu, mkuu wa kitengo, ambaye hana gari wala hajawahi kuwa nalo, ndiye aliyezungumza kwa muda mrefu zaidi. Alisema dawa ya nguvu ni ile ya meno. Jumapili baada ya misa nikasugua vioo vya taa kwa soksi kuukuu mpaka tube ikaisha. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, aliikuta ile tube imekunjwa kama karatasi. Jioni aliwapa watoto chumvi ya kusugulia meno, akawaambia baba yao ana kazi kubwa. Kwa siku mbili gari lilinukia mnanaa, na mwanga ulibaki palepale.

Ndipo nikaenda kwenye maduka ya vipuri. Muuzaji alikuwa kijana wa suti, na alizungumza kama anayehubiri. Alinitolea balbu za kila aina, akazipita zote haraka, akasimama kwenye kiboksi kimoja cheusi.

"Papa, hii njo ya bakubwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ukiwasha hii, bantu banapisha bo benyewe."

Nikatoka na kile kiboksi nimekibana kwapani. Nje, chini ya turubai, alikuwepo fundi wa umeme wa magari, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alizifunga balbu, akaziwasha, akaangalia ukuta wa mbele, akatikisa kichwa. Alinieleza polepole kwamba gari la usukani wa kuume limetengenezwa kwa nchi ambako magari hupita kushoto, kwa hiyo taa zake huinuka upande wa kushoto ili zimulike kando ya njia. Kwetu tunapita kuume, na kushoto ndiko wanakotokea wenzetu wanaotujia.

"Utabapiga bantu mu macho," alisema. "Ngoja nizishushe kidogo."

Nikamwambia asiguse kitu. Sikununua taa za wakubwa ili ziangalie chini.

Jioni ile ile nilipandishwa cheo. Nilipotoka mjini, magari yaliyokuwa mbele yangu yalisogea pembeni moja baada ya jingine. Teksi iliyozoea kunikata ilisimama kabisa. Kwenye rond-point, pale barabara nne zinapokutana, polisi wa roulage alisimamisha magari ya pande tatu, akakaza mgongo, akanipigia saluti. Kwanza nilidhani nyuma yangu kuna msafara. Nikaangalia kioo: nyuma yangu kulikuwa na muuza mikate na kitoroli chake. Saluti ilikuwa yangu.

Mtu huzoea haraka. Wiki ya kwanza nilikuwa naona aibu kidogo. Wiki ya pili nilianza kujibu saluti kwa vidole viwili, bila kugeuza kichwa, kama nilivyowaona wakubwa wakifanya. Nikaanza kuvaa koti hata siku za joto. Zamu, mlinzi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa akinifungulia geti la tajiri wake kila nikipita, na mimi, badala ya kumwambia anakosea, nilipunguza mwendo ili alifungue vizuri. Kwenye mkutano wa parokia nilipewa kiti chenye mto, na katibu akaniuliza serikali inafikiria nini kuhusu maji ya bomba. Nikamjibu kwamba jambo hilo linafuatiliwa.

Jioni moja mke wangu, akiwa amekaa kando yangu na mkono juu ya macho kwa sababu ya mwanga uliorudi kutoka kwenye vibao vya barabara, aliniuliza, "Unasalimiaka nani hivyo?"

Nikasema, watu. Akasema anaona watu wakijifunika uso. Nikaongeza mwendo.

Ikafika Jumamosi ya kuwapokea wageni wa posa ya shemeji yangu mdogo. Mke wangu alitangulia Ruashi asubuhi kupika. Mimi nilifuata jioni peke yangu, na koti langu. Mtaa wote ulikuwa hauna umeme, nami niling'aa kama uwanja wa mpira. Karibu na kona ya mwisho, gari moja likatokea mbele, likaniwashia taa mara mbili. Nikaona ni heshima. Likawasha tena, haraka haraka, mara tatu. Nikaona ni mtu mwenye heshima nyingi, na ili nisionekane mwenye majivuno nikamjibu kwa taa kubwa, zote, kwa muda wa kutosha. Likatoweka. Nilidhani limeingia uchochoro.

Nilipofika kwa wakwe, mwenye nyumba hayupo. Baba mkwe wangu ni mtu wa kaskazini ya Katanga, mtoto wa mfanyakazi wa reli, naye mwenyewe aliendesha treni mpaka pensheni. Alikuwa ametoka na kigari chake kwenda kutafuta barafu ya vinywaji. Nikapewa kiti cha mbele, karibu na wazee wa upande wa bwana harusi, nikaanza kuwaeleza mambo ya nchi.

Baada ya nusu saa akaingia kwa miguu. Suruali ilikuwa na tope hadi magotini, kiatu kilikuwa kimoja, na mkononi alishika kipande cha barafu kilichobaki ukubwa wa yai. Alisalimia wageni wote kwa mpangilio wao, akaketi, ndipo akasimulia. Kuna mtu alimmulika machoni. Alimwomba kwa taa azime, mara ya kwanza, mara ya pili. Yule mtu akaongeza. Baba mkwe hakuona tena njia, na gari lake lilikuwa limelala ndani ya mtaro.

Watu wote walimlaani dereva yule. Mimi pia nilimlaani. Nadhani nilimlaani kwa sauti kubwa kuliko wengine, maana mama mkwe alinipa maji ya kunywa.

Kisha baba mkwe akaagiza karatasi. Alisema, kwa bahati nzuri tuna mtu wa biro ndani ya familia, barua ya kumshitaki mtu huyu kwa komini, ofisi ya utawala wa mtaa, iandikwe sasa hivi. Akaniwekea meza. Yeye alisema kwa Kiswahili, mimi niliandika kwa Kifaransa. Alisema "mupumbafu", mimi nikaandika "un individu non autrement identifié", yaani mtu fulani asiyetambulika. Alisema asiye na macho wala moyo, nikaandika "par inadvertance", yaani kwa bahati mbaya. Alitaka nisome kwa sauti, nikasoma, wageni wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Jasho lilinishuka ndani ya koti. Mke wangu alisimama mlangoni na sahani ya bukari, ugali wetu, akiniangalia mimi, wala haangalii barua.

"Muzuri," alisema baba mkwe, akinigeukia mimi mkwe wake. "Sasa twende tuvute gari. Bukwe, leta yako, utatuangazia."

Nilisema betri yangu haina nguvu. Nilisema labda tungoje asubuhi. Tayari wanaume sita walikuwa wameshika kamba. Nikaendesha polepole nyuma yao kwa taa ndogo za pembeni, mpaka kwenye mtaro, na hapo wote wakageuka wakaniambia niwashe.

Nikawasha.

Baba mkwe aliinua mkono akaficha macho. Alikaa vile, hasogei. Wale wengine wakashusha kamba mmoja mmoja, jinsi kila mtu alivyokuwa akielewa.

"Zima," alisema.

Nikazima. Walivuta gari gizani, kwa tochi za simu, na mimi nilivuta pamoja nao nikiwa ndani ya tope. Lilipotoka, baba mkwe akaniuliza kama barua ninayo. Nikasema ninayo mfukoni. Akataka niipige sahihi. Nikaweka karatasi juu ya boneti, nikasaini. Akaikunja, akaitia ndani ya shati lake. Haikufika komini. Posa ilipokelewa, na nilirudishwa kukaa karibu na jiko.

Jumapili iliyofuata aliniita kwake. Alikuwa amechora kwa chaki mstari kwenye ukuta wa parcelle, ua wa nyumba yake, usawa wa taa zangu, na mwingine chini yake. Hakunitukana. Alisema tu kwamba kwenye treni, ukikutana na mwenzako, unapunguza taa, kwa sababu na yeye amebeba watu. Tulirudisha balbu za zamani, tukasugua vioo kwa msasa laini na maji, saa nzima kila upande, kisha akageuza skrubu taratibu mpaka mwanga ukalala chini ya mstari wa pili, na ule mwinuko wa kushoto akaufunika kwa kipande cha mkanda mweusi.

Jua lilipozama tulitoka kujaribu. Niliona mashimo, niliona kando ya njia na mama aliyebeba beseni. Gari moja likaja mbele yetu, likapita, halikuwasha kitu. Mguu wa kuume wa baba mkwe ulikuwa ukikanyaga breki ambayo upande wake haiko.

Tuliporudi alishuka, akazunguka mbele, akachutama kuangalia taa moja, kisha nyingine, akazipangusa kwa pindo la shati lake, akaniambia niingie ndani tukale.