Maombi kwa Ajili ya Kompyuta ya Mtumba

Mama mkwe alikuja kwetu Shanwe kutoka Katumba ili ang'olewe jino, akakuta binti yake ameolewa na mtu asiye na kazi. Hivyo ndivyo alivyoelewa, na simlaumu. Mke wangu ni mwalimu. Asubuhi anatoka na rundo la madaftari. Mimi nilibaki sebuleni nimekodolea macho kompyuta iliyojaa maandishi mekundu, nikiitukana kwa sauti ya chini kwa sababu ya heshima ya mkwe. Siku ya kwanza niliacha bukta nikavaa suruali. Siku ya tatu niliongeza shati la kola, maana kama lazima uonekane huna kazi, bora uonekane unajiandaa kwenda kwenye usaili.

Kazi nilikuwa nayo, ila haielezeki kirahisi. Mtafiti mmoja alikuwa na maelfu ya picha zilizopigwa kutoka angani wakati wa kiangazi, mito inapokauka huku kwetu na viboko wakabanana kwenye tope lililobaki. Alitaka programu ya kuwahesabu.

"Hivi unafanya kazi gani, mukwe wanje?" mama mkwe aliniuliza, akichanganya Kiswahili na Kirundi chake.

"Nahesabu viboko, mama."

Alilitafakari hilo jibu, kiganja kikiwa kwenye shavu lililovimba. "Hao wanafunzi wanachapwa wapi?"

Picha nyingi namna ile zinahitaji kadi ya michoro, ile ambayo vijana wanainunua kwa ajili ya magemu. Lakini kadi haimsikii mtu hivi hivi. Unaiwekea kifurushi cha zana zake, na hicho kifurushi lazima kielewane na programu unayoandikia. Vyangu vilielewana vizuri tu, mpaka siku programu ya kuandikia iliponiuliza kama nataka toleo jipya. Iliuliza kwa adabu, nami nikabonyeza ndiyo kama mtu anayeitikia hodi. Tangu hapo, kila nikiiambia ijenge kazi yangu ilinimwagia eroo zaidi ya mia, yale makosa ya maandishi mekundu, na chini kabisa ikaandika kwamba imeshindikana.

Nilifanya kila kosa analoweza kufanya mtu mwenye elimu. Nilifuta kifurushi nikapakua kipya zaidi, kwa imani kwamba kipya ndicho bora. Kilishuka kutwa nzima, umeme ukakatika kikiwa kimebakiza kidogo, nikaanza upya. Kilipokamilika kikaikataa kadi yangu kwamba ni ya zamani mno. Nikarudi kwenye cha zamani. Nikaomba ushauri mtandaoni, na bwana mmoja ambaye sijawahi kumkosea lolote akanishauri ninunue kompyuta nyingine.

Mama mkwe aliyaona yote hayo akiwa kwenye kochi, akisubiri uvimbe upungue ndipo ang'olewe.

"Huyu mashini anaumwa?" aliuliza.

"Kanigomea, mama. Kuna programu mbili ndani hazielewani."

"Ahaa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Jioni akajitanda kitenge, akatoka.

Kesho yake saa nne asubuhi nilisikia hodi. Nilibonyeza haraka kitufe cha kujenga, ili atakayeingia anikute nashughulika, nikaenda kufungua. Walikuwa wamama watano wa kikundi cha maombi cha kanisani, wamevaa vitenge vya sare. Mama mkwe aliwakaribisha kama nyumba ni yake.

"Ndiyo hii yenyewe?" kiongozi wao aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Imeanza lini kusumbua?"

"Hii wiki ya pili."

"Uliipata wapi?"

"Niliinunua Mwanza. Ya mtumba."

Wakatazamana. "Mtumba," mmoja alisema taratibu. "Huwezi jua ilikuwa ya nani."

Kiongozi akaweka kiganja juu ya boksi la kompyuta. "Ina joto."

"Na inakoroma," mwenzake akaongeza. Zilikuwa feni, lakini sikuona pa kuanzia kueleza. Halafu nikaona chupa ya mafuta inatoka kwenye mkoba.

"Mafuta hapana, mama! Kuna umeme mle ndani, itaungua."

"Mafuta ya upako hayaunguzi, baba."

"Lakini si ni ya alizeti hayo?"

Wote watano wakanigeukia. Naamini ningefukuzwa kwangu mwenyewe siku ile kama mama mkwe asingesema, "Basi pakeni mguu wa meza." Meza ikapakwa mafuta miguu yote minne.

Tukashikana mikono. Mmama mmoja kanibana mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, sikuweza hata kujikuna. Walianza kwa Kiswahili, kisha mama mkwe akapokea kwa Kirundi, na kwa Kirundi maombi yake hayana breki. Wote walifumba macho. Mimi niliyaacha wazi, kwa kuwa ile chupa ilikuwa bado haina kifuniko.

Mbele yangu kulikuwa na kioo na orodha ya eroo. Wiki mbili nzima nilikuwa naikimbilia chini, kwenye kule kushindikana, kama mtu anayefungua barua na kusoma sahihi tu. Sasa sikuwa na mkono wa kuisogeza. Orodha ilikuwa imesimama juu kabisa, kwa hiyo nikausoma mstari wa kwanza. Ulisema, bila jazba yoyote, kwamba kifurushi hakilitambui toleo hili la kompaila, na ukataja matoleo kinayoyakubali. Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi yangu kuwa programu, na ilikuja mpya pamoja na lile toleo nililolikubali kwa adabu. Ilikuwa imezidi hatua moja tu. Eroo nyingine zote zilizaliwa na hiyo.

"Amina!" nilipiga kelele.

Mama mkwe alikuwa bado katikati ya sentensi. Wamama wakadhani nimeguswa, wakaitikia kwa vigelegele, na maombi yakaongezwa nusu saa.

Walipoondoka nilipakua kompaila ya zamani nikaiweka pembeni ya mpya, maana si lazima ufukuze moja ili nyingine ikae. Kisha nikasakinisha kifurushi upya, baada yake na si kabla, kwa sababu kifurushi huangalia wenyeji gani wapo ndipo kiweke vitu vyake. Kesho yake mchana kadi iliitika. Nilicheka peke yangu hadi mama mkwe akatoka jikoni na mwiko.

"Amepona?"

"Amepona, mama."

"Mana yanje!" alimshukuru Mungu wake, akarudi kwenye ugali.

Mke wangu nilipomsimulia habari yote, pamoja na ule mstari wa kwanza, alininyooshea kidole. "Usithubutu kumwambia mama kwamba ilikuwa ni kusoma tu."

Sikuthubutu. Jumapili nilisimamishwa kanisani kutoa ushuhuda, nikasema kwamba wakati wa maombi nilionyeshwa mstari ambao sikuwa nimeuona. Ni kweli tupu. Jumatatu yake jirani alileta redio yake isiyokamata masafa, mwingine akaleta pasi.

Jino liling'olewa wiki hiyo. Mama mkwe alipaswa kurudi Katumba, lakini aliniona napitia majibu ya programu na akavuta kiti. Picha ya kwanza programu ilihesabu viboko arobaini na mmoja.

"Huyu ni jiwe," alisema, akigusa kioo kwa kidole chenye unga.

"Programu inasema ni kiboko."

"Mwambie ni jiwe. Na huyu ni tope. Hapa wako wawili, mtoto yuko mgongoni kwa mama yake, hujamwona?"

Sikuwa nimemwona. Nikasahihisha. Alikaa wiki tatu zaidi, akisuta mashine kwa Kirundi kila ilipokosea, na mimi nikarudia kuvaa bukta bila yeye kusema neno.