Nilivyozipiga grisi breki za Land Rover ya shamba nikienda kuposa kijiji cha Daudi

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Wiki nzima nawasoma vijana mnabishana kuhusu gari linalogonga mbele. Huyu anasema shokapu, yule anasema bush. Ngoja mzee wenu niwape kisa changu. Sina sababu ya kuongopa, maana mjinga wa kisa chenyewe ni mimi.

Miaka ya themanini mwishoni nilikuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali, Hanang. Ngano mpaka macho yanachoka, vumbi mpaka kwenye mboga, na sisi mafundi ndani ya ovaroli tunajiona marubani.

Amri ya kwanza ya kombaini ni grisi. Asubuhi kabla hujagusa chai unaizunguka na pampu. Kinachozunguka, kipige grisi. Kinachopiga kelele, kipige mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote, na niliiamini kuliko katekisimu.

Sasa kulikuwa na Paskalina, mwalimu wa shule ya msingi Hirbadaw. Kwao ni Daudi, juu kule Mbulu. Sisi wawili tulishaelewana, ikabaki kwenda kwa baba yake, Mzee Qamara. Huyo mzee nasikia hata mbwa wa jirani walikuwa wanampisha njia.

Paskalina akaniambia wazi: kuna mtu mwingine ameshapiga hodi nyumbani, nikizembea nitakuta mwana si wangu. Usingizi ukaisha.

Meneja akanionea huruma, akaniazima Land Rover ya shamba. Nikamwomba baba mdogo awe mshenga, shangazi amsindikize. Tukatafuta na dumu la asali.

Gari lenyewe lilikuwa linaumwa. Kwenye mashimo linagonga mbele, ka-ka-ka-ka. Ukigusa breki kidogo, kimya. Ukiachia, ka-ka-ka-ka.

Wakuu, gari lilikuwa linajieleza lenyewe! Kelele inayonyamaza ukigusa breki inatoka kwenye breki. Mimi nikasema, safi, breki ni nzima kabisa, ndiyo maana inatuliza kelele. Nikakaza shokapu. Nikabadilisha bush. Ka-ka-ka-ka.

Kesho safari, nikafungua tairi. Pale kwenye caliper, kile chuma kinachobana pads kwenye disc, nikakuta pads zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Pini za kuzishika zimeliwa, na springi za kuzituliza hazipo kabisa.

Mtu mwenye akili angetafuta pini na springi. Mimi nikaenda kuchukua pampu.

Nilipaka, jamani. Pini, migongo ya pads, pembeni, kila mahali. Nikajaribu barabarani: kimya! Nikamwita mpaka mlinzi aje kusikiliza.

Asubuhi tukaondoka, mimi ndani ya suti ya kuazima. Mpaka Mbulu mjini safari tamu kabisa. Baada ya pale ni milima, na mimi nateremka free, breki chini ya mguu muda wote, eti naonyesha ufundi.

Breki zikapata moto. Grisi ikayeyuka, ikashuka ilikotaka yenyewe.

Mteremko wa mwisho, nyumba ya Mzee Qamara ile pale, watu wamesimama uani wanatungoja. Nakanyaga. Pedali ngumu, imara, na gari linakwenda. Nakanyaga kwa miguu miwili. Linakwenda.

(Vijana, shikeni hili: pedali ikizama, anza na mafuta ya breki. Pedali ikiwa ngumu halafu gari halishikiki, kaangalie pads zimekunywa nini.)

Shangazi akaanza Salamu Maria. Baba mdogo akanigeukia.

"Simamisha basi, tumefika!"

"Nasimamisha, baba!"

"Mbona tunapita?"

Kujaribu gia, imegoma kuingia. Hendibreki hata sikuikumbuka. Nikakata usukani kuingia shambani. Mahindi, katikati maharage, yote yamebakiza kidogo kuvunwa. Tukayalaza mstari mzima mpaka tuta likatusimamisha. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Ila dumu la asali lilipasuka, na karibu yote ikaishia kwenye suti.

Shamba la nani? Mnajua wenyewe.

Mzee Qamara akaja polepole. Nikaruka chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Adabu ni adabu. Akainama kwenye tairi, grisi inachuruzika na moshi juu. "Hii nini?"

"Grisi ya kombaini, baba."

"Na hili ni kombaini?"

"Hapana, baba."

Akayatazama mahindi yake yaliyolala. "Mbona limevuna?"

Pale kwao maneno ya uchumba hayafunguliwi kama kati ya nyumba mbili kuna hasara haijaondolewa. Baba mdogo, aliyekuwa anakariri hotuba njia nzima, ikabidi aimeze. Yeye na shangazi wakakaribishwa ndani. Mimi nikaonyeshwa shamba.

Nikainua mahindi yaliyokubali kuinuka, nikayashindilia udongo. Maharage nikayaokota punje kwa punje, nyuki nyuma yangu kwa ajili ya asali. Majirani walikuja kuangalia na viti vyao kabisa.

Wakati wa kupumzika nikazifua zile pads kwa sabuni. Msijaribu. Pads zilizokunywa grisi ni za kutupa. Gari lilikaa pale mpaka shamba letu likaleta pads mpya, pini na springi. Nikafunga, ile kelele ikaisha siku hiyo hiyo. Vyuma vidogo vya kuenea kiganjani!

Kazi ya shamba iliendelea mpaka jioni moja niko mstari wa mwisho, mgongo umekataa kunyooka. Mzee Qamara akasimama ukingoni.

"Mkwe, acha hiyo. Njoo ule."

Nikageuka nyuma kuona anamwita nani.

Basi somo ni hilo. Kelele ikinyamaza ukigusa breki, fungua tairi, kagua pini na springi za caliper, weka mpya. Pampu ya grisi iache stoo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Paskalina yuko nyuma yangu anasoma. Anauliza mbona nimeruka pale nilipolia.

Haya. Gari liliposimama kwenye tuta, kabla mzee hajafika, niliulalia usukani nikalia kwa sauti, asali inanitiririka. Nilijua nimeshamkosa. Shangazi alinifuta kamasi kwa kanga yake.

Uwanja wenu wakuu. Chekeni kwanza, halafu mseme na nyie mliwahi kuharibu nini.